NIMEVUKA MTO NA FAMILIA: Buenos Aires tamu, Montevideo ghali, wapi panalipa?

Pale kijiweni kwetu Temeke kuna imani kwamba majuu ni majuu tu, ukishavuka maji umeula. Msomaji wangu, aliyeanzisha imani hiyo hakuwahi kulipa kodi ya nyumba kwa peso.

Mimi nimevuka bahari mara moja na mto mara moja. Bahari ilinifikisha Argentina mwaka 2012, nikiwa baharia mwenye karatasi zangu, sio mzamiaji (najua mngeuliza). Meli yetu ikakwama bandarini, mwenye meli akaingia mitini na mishahara yetu, wenzangu wakapandishwa ndege kurudi makwao. Mimi nikabaki. Sababu ya kubaki ilikuwa inafundisha chekechea na inacheka kwa sauti kubwa. Leo ni mke wangu, na tuna binti wa miaka tisa.

Mto ndio habari yenyewe. Januari 2024 tulifunga virago Buenos Aires tukavuka Río de la Plata, tukahamia nchi jirani ya Uruguay, mjini Montevideo. Kwenye ramani ni pua na mdomo. Boti ya kasi hadi mji wa Colonia ni kama saa moja na robo, yaani fupi kuliko Dar na Unguja. Ukishuka unapanda basi, kilomita 177, umefika. Lugha ni hiyo hiyo Kihispania. Kinywaji ni hicho hicho, mate, majani machungu ya kufyonza kwa mrija. Hata bendera zote mbili zina buluu, nyeupe na jua. Kila mtu aliniambia, "Aa, huko ni kama hapa tu."

Kama hapa tu? Subiri nikupe mkanda mzima.

MJI MTAMU, HELA INAYEYUKA

Kwanza niitendee haki Buenos Aires, maana mji ule sijaununia. Ni mji hasa! Treni ya chini ya ardhi wanayo tangu 1913, ya kwanza Amerika ya Kusini yote. Pale mtaa wa Corrientes majumba ya maigizo yamepangana kama maduka ya Kariakoo, na saa saba usiku unakuta babu na bibi wanakula pizza wamesimama, wamependeza, hawana habari ya kulala. Nyama ndiyo usiseme. Jumapili jirani akichoma nyama anakuita kwa jina. Mshahara wangu wa jikoni haukuwa mkubwa, lakini nauli ya basi ilikuwa ya kutupa na gesi ilikuja kwa bomba mpaka jikoni, bili yake kidogo tu.

Tatizo lilikuwa moja: hela yao haishikiki. Mwaka 2023 bei zilipanda kwa asilimia 211.4. Kwa lugha ya sokoni, kitu cha shilingi 1,000 mwanzo wa mwaka, mwisho wa mwaka unakilipia zaidi ya 3,000. Mshahara nao walikuwa wanaongeza, sikatai, lakini mshahara ulikuwa unatembea kwa miguu na bei zimedandia pikipiki. Ukipokea hela asubuhi unakimbia dukani. Mafuta ya kula, sabuni, tambi, makopo ya nyanya, unajaza kabati. Nyumba yetu ilifanana na stoo ya Mpemba.

Aliyetaka kuweka akiba aliweka dola, na dola kwa njia halali hazipatikani. Serikali ilibana fedha za kigeni mwaka 2019, raia akaruhusiwa kununua dola 200 kwa mwezi, na wengi hata hizo 200 walinyimwa. Basi watu wakaenda mtaa wa Florida. Pale walisimama vijana wakiita "cambio, cambio" mchana kutwa. Wenyewe wanawaita miti midogo, kwa vile wameota palepale. Ukimkubalia anakuingiza kwenye kiofisi cha kificho kinachoitwa pango, unabadilishiwa. Septemba 2023 dola ya benki ilikuwa peso 350, dola ya pangoni zaidi ya 700. Ukiona unashangaa, muulize baba yako habari za ulanguzi wa dola miaka ya themanini, kabla serikali yetu haijaruhusu maduka ya kubadilisha fedha mwaka 1992. Atakuhadithia mpaka chai ipoe.

Sasa mimi nina mama Temeke, na mama ana presha. Dawa zake kila mwezi nazituma mimi. Kila mwezi nilikwenda pangoni na furushi la noti lililovimba kama mkate, nikatoka na karatasi chache za kijani, nikatafuta mtu wa kumpitishia. Na kila mwezi karatasi zilipungua.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hela imefika. Ila mbona imekonda? Au huko umeongeza mke wa pili?"

Nilicheka kwenye simu. Nilipokata nikakaa kitandani muda mrefu. Mwezi ule mama alikuwa amenunua dawa za wiki mbili, nyingine akasubiri. Hakuniambia yeye, aliniambia dada yangu.

CHAI YA CHUMVI

Julai 2023 nikavuka peke yangu kwenda kupeleleza Montevideo. Jamaa mmoja tuliyewahi kufanya naye kazi alinipa kochi la kulala. Asubuhi nikainjika chai, nikatia sukari, nikaonja. Chumvi!

Nikadhani nimekosea kopo. Jamaa akacheka sana. Mwaka ule Uruguay ilipigwa na ukame ambao wazee hawakumbuki mfano wake. Bwawa la Paso Severino linalonywesha mji lilikaribia kubaki tope, wakalazimika kuchanganya maji ya mto yanayovutwa karibu na baharini, ambako chumvi huingia. Serikali ilitangaza dharura mwezi Juni, ikaondoa kodi kwenye maji ya chupa. Nchi inayosifiwa kwa utulivu Amerika ya Kusini yote, watu wake wanapanga foleni ya maji ya chupa! Mvua zilirudi baadaye na dharura ikaondolewa Agosti, lakini ladha ile sijaisahau.

Nikaingia dukani. Dawa ya meno, nikairudisha. Jibini, nikairudisha. Shampuu ya binti yangu, ile ile, chupa ile ile, bei zaidi ya mara mbili ya kwetu ng'ambo. Wauruguay wenyewe wikendi walikuwa wanajaza magari kuvuka madaraja kwenda miji ya Argentina kama Gualeguaychú na Concordia kufanya shopingi, wakirudi buti limeinama. Wenye maduka upande wa Uruguay walikuwa wanalia.

Nilirudi nyumbani na daftari. Upande mmoja Buenos Aires, upande mwingine Montevideo. Kila mstari Montevideo ilipigwa bao: kodi, nyama, umeme, viatu. Nikamsukumia mke wangu.

"Umeona? Tutakufa njaa kule."

Akasoma taratibu, kama anasahihisha daftari la mtoto. Halafu akauliza, "Hizi bei za kule, mwezi ujao zitakuwa ngapi?"

"Zitakuwa hizi hizi."

"Na za hapa?"

Nikanyamaza. Mwaka ule mzima bei Uruguay zilipanda kama asilimia 5. Akafunga daftari. "Mimi nimechoka kuishi kwa kubahatisha," akasema. "Ghali ninayoijua naweza kuipangia."

FRIJI LANGU, UBISHI WANGU

Hapa ndipo ninapoona aibu, lakini nimeahidi kusema kweli.

Mkataba wa nyumba uliisha mwisho wa mwaka, na mwenye nyumba akataka kodi mpya kwa dola. Dola! Mpishi anayelipwa peso! Basi uamuzi ukajifanya wenyewe. Mwanzoni mwa Desemba tukauza friji, kitanda na kabati. Hela ikawa mkononi, peso tupu. Mke wangu akasema, "Nenda leo. Nunua tiketi za boti, zinazobaki geuza dola."

Nami, bingwa wa uchumi wa kijiweni, nikasema subiri. Rais mpya anaapishwa tarehe 10, dola itashuka, tutapata nafuu. Nikaitia bahasha chini ya godoro nikalala usingizi wa pono.

Tarehe 10 rais mpya, Javier Milei, akaapishwa kweli. Tarehe 12 usiku waziri wa uchumi akatokea kwenye televisheni: dola rasmi inatoka peso 366 kwenda 800. Na tiketi za boti, ndugu yangu, hesabu yake inafuata dola. Mwezi ule mmoja peke yake bei nchini zilipanda asilimia 25.5.

Hela iliyokuwa inatosha tiketi tatu na chenji ya wiki mbili, sasa ikatosha tiketi moja na nusu. Binti yangu, wakati huo ana miaka saba, akauliza, "Nusu ni ya nani?" Hakuna aliyemjibu.

Mke wangu hakunitukana. Bora angenitukana. Alinyamaza siku tatu.

Siku ya nne akaja mama mkwe. Huyu mama tangu mwanzo hakutaka tuhame, alishasema tunamnyang'anya mjukuu. Aliketi, akatoa kwenye mkoba kopo la majani ya mate, akafungua. Ndani hamna majani, mna dola zimeviringwa kwa mpira. Yeye ni kizazi kilichoona Desemba 2001, benki zilipofunga akaunti na watu wakapiga sufuria barabarani wakidai hela zao. Tangu hapo benki yake ni kopo. Akahesabu za tiketi mbili, akaziweka mezani, akaniangalia mimi.

"Sio zawadi," akasema. "Ni mkopo."

MONTEVIDEO: KIMYA NA BILI

Uruguay nchi nzima ina watu kama milioni 3.5. Dar es Salaam peke yake, kwa sensa ya 2022, ina zaidi ya milioni 5. Kwa hiyo tegemea kimya. Jumapili mchana Montevideo unaweza kusikia kandambili zako mwenyewe. Treni ya chini ya ardhi hamna, mabasi tu. Watu wanatembea na chupa ya chai kwapani kama sehemu ya mwili, na kila sentensi wanaimalizia "ta", yaani sawa, basi, yamekwisha. Wana barabara ya ufukweni, Rambla, zaidi ya kilomita 20, unatembea bure mpaka miguu ikuombe msamaha.

Makaratasi je? Mke wangu, kwa kuwa Argentina na Uruguay zote ziko kwenye umoja wa Mercosur, alitumia sheria ya mwaka 2014 inayompa jirani ukaazi wa kudumu bila mizengwe. Mimi Mbongo nilipita mlango wa nyuma ulio mrefu: cheti cha polisi kutoka nyumbani, tafsiri ya Kihispania, mihuri, foleni. Nilipata, lakini jasho lilinitoka.

Nyumba ilikuwa kimbembe. Usipokuwa na mdhamini unatakiwa kuweka amana ya miezi kadhaa, hata mitano. Tukakaa chumba kimoja cha kupanga, jiko la kuchangia, watu watatu, miezi minne. Nilipopata kazi ya mkataba ndipo taasisi ya udhamini ikanikubali, kodi inakatwa kwenye mshahara kabla sijauona. Vyumba viwili vinakula karibu nusu ya mshahara wangu. Gesi ya bomba hamna mtaani kwetu, ni mtungi wa kilo 13 unaobeba begani kama Bongo tu. Na baridi ya Julai! Sio ya barafu, ni ya unyevunyevu, inaingia ukutani, inaota ukungu mweusi nyuma ya kabati. Binti alikohoa majira yote ya baridi ya kwanza.

Sasa sikiliza upande wa pili. Kule Buenos Aires nilifanya kazi miaka bila kuandikishwa. Kazi ya namna hiyo wenyewe wanaiita kazi "nyeusi", na walikuwa wakinitania kwamba mimi ndiye mwenye nayo. Ukiumwa, shauri lako. Huku jikoni kwangu wameniandikisha wiki ya kwanza. Wananikata bima ya afya, lakini binti yangu amefunikwa humohumo, na kile kikohozi alitibiwa bila mimi kuuza kitu. Mshahara wa kumi na tatu unakuja nusu Juni, nusu Desemba, na ukienda likizo unaongezewa hela ya likizo. Kima cha chini mwaka 2024 kilikuwa peso 22,268, kama dola 570 za wakati ule. Usikimbilie kuzidisha kwa shilingi ukapagawa, kumbuka shampuu.

Na dola? Kila kona kuna duka la kubadilishia, mchana kweupe, bango limewashwa taa. Mara ya kwanza nilisimama mlangoni nikiangalia nyuma kama mwizi. Yule dada wa dirishani akaniuliza kama kuna kitu kimenipotea.

Mama anapata kiasi kilekile kila mwezi, tarehe ileile, mwaka wa pili huu. Sio kikubwa. Lakini juzi aliniambia ameanza kununua dawa za miezi miwili kwa pamoja, anapunguziwa bei. Hapo ndipo nilipoielewa ile hoja ya mke wangu kuhusu kupanga.

NGOMA ZA JUMAPILI

Kitu kingine sikukitegemea. Jumapili jioni, mtaa wa Barrio Sur, nilisikia ngoma. Nikamshika binti mkono tukafuata sauti. Wanaiita candombe, ngoma za aina tatu, chico, repique na piano, wapigaji wanatembea barabarani, moto umewashwa pembeni ili ngozi zikaze. Ilianzishwa na watu walioletwa utumwani kutoka Afrika, na tangu 2009 iko kwenye orodha ya urithi ya UNESCO. Kwenye sensa ya 2011, kama asilimia 8 ya Wauruguay walisema wana asili ya Afrika. Argentina, sensa ya 2022, haikufika asilimia 1.

Kule Buenos Aires kila wiki kuna aliyeniuliza natoka wapi. Pale mzee mmoja mwenye ngoma begani aliniuliza saa ngapi, akaendelea na safari yake. Saa ngapi tu! Nilifurahi siku nzima.

WAPI PANALIPA?

Usinitangaze kwamba nimesema Uruguay ni pepo. Mke wangu amesubiri muda mrefu vyeti vyake vitambuliwe. Mwalimu mzima amefanya kazi ya kulea watoto wa watu. Kuna usiku anakumbuka Corrientes mpaka machozi. Nayo Argentina haikusimama palepale. Nusu ya kwanza ya 2024 asilimia 52.9 ya watu wake walikuwa chini ya mstari wa umaskini. Nusu ya pili ikashuka hadi 38.1. Kasi ya bei ikapungua, na Aprili 2025 raia wakafunguliwa kununua dola. Ila kwa dola yenyewe maisha yamepanda, wale Wauruguay wa buti kuinama wamepungua sana. Daftari langu la 2023 leo halifai hata kufungia karanga.

Ndiyo maana kijana ukiniuliza nchi gani ni rahisi, mimi nakuuliza maswali yangu. Unalipwa kwa hela gani, na itakuwa na thamani gani ukifika mwisho wa mwezi? Umeandikishwa? Mtoto akiugua usiku unakwenda wapi? Na je, unaweza kumtumia mama yako bila kuingia pangoni? Bei ya mkate uiulize mwishoni.

Julai iliyopita mama mkwe alikuja kututembelea, mara ya kwanza. Alishuka basi amevaa makoti mawili, mkononi begi limejaa shampuu. Nilimwambia siku hizi kwao zimepanda, asingehangaika. Akasema mazoea. Usiku baada ya chakula nikamwekea mezani bahasha, dola za tiketi mbili, zote.

Nilitegemea atakataa, ndivyo wazee wanavyofanya. Hakukataa. Alivaa miwani, akahesabu mara mbili, akachukua kopo lake, akazitia ndani.

Halafu akauliza boti ya Desemba bei gani, anataka kuja tena, na akanitaka nikanunue tiketi kesho yake asubuhi.

Nilikwenda asubuhi hiyohiyo. Haya wasomaji, ta!